Siku Tatu za Mwisho za Mama

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wajukuu wako, na huyo paka ambaye naambiwa siku hizi ndiye mwenye nyumba. Binamu yetu alinipasha kwamba goti linakusumbua tangu mwaka jana na kwamba umekataa kata kata kutembelea mkongojo. Utembelee. Miaka sabini na moja si umri wa kuringa. Mimi kwa upande wangu sitasema ni mzima wa afya, kama tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, maana huo utakuwa uongo, na nina uongo wa kutosha wa kukueleza humu ndani.

Ninaumwa, na safari hii sinyanyuki. Moyo umechoka, miguu imevimba, pumzi nazivuta kwa awamu. Daktari alikuja wiki mbili zilizopita, kijana mstaarabu, akaanza kuzungukazunguka, mara tutaangalia, mara tutajaribu dawa nyingine. Nikamwambia nimefanya kazi hospitali miaka ishirini na tisa, kwa hiyo anyooshe maneno. Akanyoosha. Akasema tuhesabu majuma, miezi tusiitegemee. Nilimshukuru, nikamuuliza kama amekula. Usinilie, mdogo wangu. Akili yangu iko sawa, ulimi wangu bado mkali, na kuna mambo nataka kuyamaliza kwa mpangilio wangu mwenyewe.

Mwandiko huu mzuri unaousoma ni wa mke wa mwanangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, amepakata ubao wa kukatia mboga ndio meza yake, na nikienda mbio ananiambia, "Mama, pole pole." Nimelazwa chumba cha nyuma, kile kinachopakana na jiko, kwa sababu ndicho chenye jua la asubuhi. Kupitia ukutani nasikia kila kinachopikwa. Nimeshazijua sufuria zake kwa sauti. Ile ndogo ina mfuniko usioitosha. Dirisha linatazama ua wa majirani, na kamba yao ya nguo iko mbele ya macho yangu siku nzima. Unanijua. Mtu aliyesimamia chumba cha kufulia cha hospitali nzima hawezi kutazama watu wakianika shuka zikiwa zimejikunja pembe bila kuumia. Juzi nilimtuma mwanangu akawaeleze. Akarudi akasema amewaeleza. Najua hakuwaeleza.

Huyo mwanangu, mpwa wako, sasa ni fundi wa lifti, na kila jengo refu la hapa linamjua. Ananibeba kunipeleka bafuni kama anavyobeba mashine za watu, taratibu, huku akitaja hatua. Amekuwa mtu mzuri, sijui kwa juhudi za nani. Mkewe amesita hapa, ananiangalia kwa jicho la pembeni. Haya, andika: kwa juhudi za mkewe.

Sasa nije kwenye jambo lililofanya nikutafute baada ya miaka ishirini na miwili ya kutoandikiana. Mkwe wangu hataki niliseme, ila nimemwambia aandike kama ninavyotamka.

Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, aliingia kunibadilishia nguo. Macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza nani amemkosea. Akasema hakuna. Nikamwambia mimi si mtoto, nikamshika mkono mpaka akakaa. Ndipo akanieleza kwamba siku hizi nikisinzia mchana huwa naita. Naita kwa sauti, wakati mwingine nanyoosha na mkono. Na ninayemwita ni wewe. Namwomba mtu aniletee mdogo wangu. Sikuwa na habari kabisa. Nikiamka sikumbuki lolote.

Kisha akasema kilichokuwa kinamchoma. Alisema miaka minne ananiuguza, ananiogesha, ananikata kucha, ananisikiliza nikikosoa shuka zake, na katika kuita kwangu kote sijawahi kumwita yeye hata mara moja. Alisema anajua ni ujinga kumwonea wivu mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Aliniuliza, "Kwani mimi sitoshi, Mama?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamjibu, "Nikuite wa nini, na wewe uko hapa?"

Nilipokwisha kulisema hilo, kicheko kilinikatika. Akafikiri nimezidiwa, akakimbilia dawa. Sikuzidiwa. Nilikuwa nimejijibu swali nililolibeba tangu siku zile za mwisho za Mama, na jibu limetoka kinywani mwangu mwenyewe, bila hata kufikiri, kama mtu anayetaja saa akiulizwa.

Hapa nimemwomba mkwe wangu aninyanyue na mito miwili, anipe kalamu, atoke kidogo. Mwandiko uliopinda kuanzia hapa ni wangu. Usishangae ukipanda na kushuka. Haya sikuweza kuyatamka mbele ya mtu kabla sijakutamkia wewe.

Unakumbuka ulivyoondoka. Ulikuwa na miaka ishirini na minne, umempenda yule mwalimu mwenzako, na Mama akasimama mlangoni akakuambia ukitoka naye usirudi. Ulitoka. Miaka ishirini na mitano Mama hakulitaja jina lako mbele yangu, na mimi na wewe tukawa tunaandikiana kupitia anwani ya kazini kwangu ili asijue. Nilikuwa nafurahia siri ile. Nitasema ukweli wote: nilifurahia pia kuwa mimi ndiye niliyebaki. Nilikuwa binti mwema. Kila mtu alisema hivyo, na mimi nilikuwa wa kwanza kukubaliana nao.

Mama alipoanguka na upande mmoja ukafa, nikamchukua kwangu. Miaka mitatu. Nilikuwa naingia kazini alfajiri, jirani anakaa naye, saa saba mchana narudi nikiwa bado nanuka sabuni ya hospitali, naanza zamu ya pili. Nilimgeuza ili asipate vidonda, na hakupata hata kimoja. Nilimlisha kwa kijiko. Sikulalamika, na sijutii hata saa moja ya miaka ile. Nilikuwa najua kazi yangu na niliifanya vizuri.

Kisha zikaja zile siku tatu.

Siku ya kwanza, ilikuwa mchana, nilikuwa namfuta uso. Akafumbua macho akasema, wazi kabisa, "Chiriku yuko wapi?" Lile jina lako la utotoni, ambalo yeye peke yake alikuitia kwa sababu ya kelele zako. Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Akasema, "Niitie Chiriku. Mlango nilimfungia mimi, nataka nimfungulie mimi."

Sikia vizuri, mdogo wangu. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Nimeyabeba maneno hayo miaka ishirini na miwili na hayajapungua hata herufi.

Kesho yake nilikwenda kazini nikiwa na nia ya kukupigia. Nakuapia, nia nilikuwa nayo. Mapumziko ya saa nne nikapanda ofisini, karani wa simu akaniuliza aniunganishe na wapi. Nilikuwa na namba ya shule yako kwenye mfuko wa aproni, nimeiandika kwenye kipande cha karatasi. Nikatoa tarakimu tatu za mwanzo. Halafu nikamwambia aache, nimekosea. Nikashuka ngazi, nikarudi kwenye mashine zangu. Karani yule hakuniuliza kitu. Laiti angeniuliza.

Niliporudi nyumbani mchana ule Mama aliniuliza, "Umemwita?" Nikamwambia nimempigia, yuko njiani.

Siku ya tatu alikuwa anatazama mlango. Nilimwinua nimpe maji, akanitazama usoni, karibu hivi, kama mtu anayesoma kibao cha duka asilolijua, akaniuliza, "Wewe nani? Niitie mwanangu."

Mimi niulizwe mimi nani. Mikono yangu ilikuwa mgongoni mwake. Siwezi kukueleza kilichonipata, ila ningekuwa na namba yako mkononi saa ile, na simu ikiwa kando yangu, bado nisingekupigia. Nilijiona kama kijakazi aliyekesha miaka mitatu akilinda kiti cha mwingine. Nilimlaza, nikakaa pembeni. Alfajiri ya siku ya nne alikata pumzi, uso umeelekea mlangoni.

Ndipo nikakupigia, na siku hiyo namba yote ilinitoka bila karatasi.

Ulifika tukiwa tunajiandaa kutoka kwenda kuzika. Ulinivuta pale kwenye korido, karibu na makoti, ukaniuliza swali moja tu, kama Mama alikuulizia. Nikasema, "Hapana. Hakusema kitu." Nilikuona ulivyofunga vifungo vya koti lako, kimoja kimoja, hadi cha juu kabisa, na hukuniuliza tena. Tulizika, ukaondoka, na barua zikakoma. Hukujua nilichokufanyia, lakini nadhani mwili wako ulijua. Miaka kadhaa baadaye binamu yetu aliniambia ulisema mahali, mbele za watu, kwamba wewe ulikuwa na mama kwa miaka ishirini na minne tu, baada ya hapo hukuwa naye. Niliposikia hivyo nilijiambia kwamba tumelingana: wewe ulikataliwa hapo mwanzo, mimi nikakataliwa mwishoni. Nililala nalo hilo kama mto.

Si kweli, mdogo wangu. Hakuna aliyekataliwa. Jumanne ile, nikiwa nimemshika mkono yule binti wa watu, nilielewa. Mama hakuniita kwa sababu nilikuwepo. Angeniitaje na mikono yangu ilikuwa mgongoni mwake? Alimwita yule aliyekosekana chumbani. Hata kuniuliza mimi nani, leo nalielewa tofauti, maana juzi na mimi nilimtazama mwanangu mwenyewe nikashindwa kulipata jina lake kwa muda, na mapenzi yangu kwake hayakuwa yamepungua. Akili ilikuwa imetangulia mbele kumtafuta mwingine. Miaka yote hii nimelia kilio kisicho changu, na cha kwako nikakuficha. Ulikuwa na haki ya siku mbili na nusu za kuitwa na mama yako. Nilikuibia mimi. Sisingizii hasira zako, wala umbali, wala uchovu wangu. Nilijua nafanya nini.

Kitu kimoja kizuri kiliponea katika uongo wangu, nacho ni hiki: Mama alikufa akijua unakuja. Sikukusudia kumpa zawadi hiyo, lakini alikuwa nayo. Hakukata tamaa nawe. Alikungoja.

Sikuombi unisamehe kwa kuwa nakufa. Kufa si hoja; kila mtu atakufa, na wengine wakorofi kuliko mimi. Kama utanisamehe, nisamehe kwa sababu umetafakari ukaona inafaa. Kama hutanisamehe, kasirika kwa raha zako, ila usiendelee kusema hukuwa na mama.

Nimemwita mkwe wangu arudi, nikamsomea haya yote toka mwanzo wa mwandiko wangu hadi hapa. Nilitaka mtu wa tatu ayajue ili yasiwe tena siri. Alisikiliza akiwa amesimama, nguo za kufua mkononi. Nilipomaliza hakuniambia mimi ni mtu mbaya, wala hakuniambia si mbaya. Aliweka nguo chini, akaniuliza anwani yako kamili ili aandike kwenye bahasha, kwa sababu alisema mwandiko wangu tarishi hatauelewa. Nimemwambia pia kwamba tangu leo nitajitahidi kumwita, hata akiwa amekaa mbele yangu. Akasema nisijichoshe. Lakini nimemwona akigeuza uso kuficha tabasamu, kwa hiyo nitamwita.

Nisalimie wajukuu wako wote, hasa yule wa mwisho ambaye naambiwa haachi kuongea tangu apambazukiwe. Mpwa wako anakusalimu sana, na mkewe vilevile, ambaye sasa anasema anakujua. Basi la asubuhi linafika hapa kabla ya saa sita mchana. Mwanangu atakuja kukupokea kituoni na lile gari lake la kazi lenye ngazi juu, huwezi kulikosa. Nyumba ni ya pili kutoka kona. Wakati unaposoma haya huenda bado nipo, na huenda sipo. Kwa vyovyote vile, uje au usije, sitaki iwe kama mara ile. Leo nimemaliza tarakimu zote.

Umeitwa, Chiriku. Mama alikuita, na mimi nakuita.

Ni mimi,
dada yako