Historia Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Kazi mpya, kompyuta ile ile ya zamani. Nimeanza kupakua msimbo wa programu ya kupanga zamu za wauguzi — diski imejaa kabla ya nusu! Miaka chungu nzima ya mabadiliko, yote yanataka kulala kwangu. Na kwangu kumejaa video za dada, fundi cherehani: kola, mikono, vifungo. Nimemwomba afute kidogo. Kasema nianze kufuta vyangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Git, inayotunza msimbo na kumbukumbu ya nani kabadili nini, inakubali nichukue hali ya leo tu, bila ya jana. Neno moja la ziada kwenye amri — nafasi tele! Lakini hiyo jana inabaki wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi kapangiwa zamu tatu mfululizo, kaanguka wodini. Yuko hai, Mungu mkubwa. Bosi kaja moto: nani kaandika mstari wa msimbo unaoruhusu hivyo? Nikaiuliza Git. Ikajibu: Mpole — ndivyo tunavyomwita jirani yangu wa meza. Nikamtaja. Mpole kasema yeye juzi kabadili rangi ya kitufe tu. Bosi kamwambia atajieleza kesho kikaoni.



Ijumaa, 7 Machi
Nimeangalia mistari mingine. Mpole. Mpole. Mpole! Hata ya kabla hajaajiriwa. Kumbe! Nilichukua badiliko la mwisho peke yake, na la mwisho ni lake — basi kila kitu kimebeba jina lake. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nimemwomba radhi. Kasema: "Haya, dada yangu. Sasa mtafute mwenyewe hasa."

Ipo njia ya katikati: historia nzima ya nani na lini, ila yaliyomo kwenye faili za zamani yanakuja yakihitajika tu. Nimepakua upya. Diski inapumua! Nikauliza tena mstari ule ule.

Bosi. Enzi zile hajawa bosi. Na chini ya mstari huo kaandika: "Ya muda tu, nitarudi kurekebisha."

Nimesoma mara mbili.

Ujumbe umeingia, wa bosi: nije kikaoni na kompyuta, kila mtu auone huo mstari ukutani. Mpole ananishikia mlango. Si yeye wala bosi niliyemwambia jina —