Bienfait, Tulianza Kukulilia Ungali Hai

Mwaka umetimia tangu alasiri ile ya Mei ambapo, saa tisa na robo, simu ya ami yako, Tonton Bertin, ililia juu ya cherehani yake mtaani Saint-Josse, huku ughaibuni. Saa hiyo, Bienfait, ulikuwa hai. Tunaanza na jambo hili kwa sababu limethibitishwa, na kwa sababu kwa miezi mingi hatukuweza kulitamka.

Ulikuwa mashariki ya Grinilandi, chini ya mlima wa barafu ambao kijiji cha karibu hakiuoni. Msafara ulikuwa na wateja wanane, waongozaji wawili, na wewe, muuguzi wao. Ilikuwa safari yako ya pili. Ulisema ya kwanza uliogopa sana, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kurudi.

Kazi yako ya siku zote ilikuwa hospitali ya Etterbeek, wodi ya wagonjwa mahututi. Wenzako walituambia kwamba hukumgusa mgonjwa aliyepoteza fahamu kabla ya kumweleza utakachofanya: sasa nakugeuza, sasa nakupangusa uso, maji ni ya uvuguvugu. Waliotoka kwetu uliwasemesha Kiswahili. Mama mmoja wa Bukavu, alipozinduka, aliomba aletewe "ule kijana mwenye kunielezaka kila kitu." Alikuwa hajawahi kuuona uso wako.

Nyumbani Schaerbeek ulipanda ghorofa sita kwa miguu, mgongoni gunia la unga wa fufu, ukijifua kwa safari. Mustafa wa ghorofa ya tatu alikuwa akifungua mlango kukuchokoza.

"Monsieur Bienfait, lifti imekufa tena?"

"Iko muzima, Mustafa. Ni miye ndiye nataka kufa."

Mlicheka wote wawili. Mustafa ametuomba radhi kwa mzaha huo, ingawa haukuwa wake.

Kamba za viatu vya mwanao Aaron ulizifunga kwa mafundo ya wapanda milima. Mwalimu wake aliwahi kuandika kwamba mtoto amefanya mazoezi na viatu vya shule kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyeweza kuvifungua. Kiatu kimoja, cha kushoto, bado kina fundo ulilolifunga asubuhi ya kuondoka. Mguu wa Aaron umekua na hakimwingii tena. Précieuse, mke wako, hajalifungua.

Jioni ya kukuaga tulikula sombe, majani ya muhogo, na samaki kwa Maman Régine, mama yako. Tonton Bertin, mdogo wa marehemu baba yako, hakukuacha upumzike.

"Batu bote banakimbiaka baridi, weye unaifuata na mizigo! Kule unaenda kutafuta nini?"

"Kule, Tonton, hata polisi moja haiko ya kuniuliza papiers za kukaa."

"Na kama kitu inakufikia?"

"Alors, batakupigia weye simu."

Précieuse aliuliza kwa nini isiwe yeye. Ulimjibu kwamba habari nzito haipigiwi mwanamke akiwa peke yake na mtoto. Hupitia kwa mkubwa, naye huileta kwa miguu yake, pamoja na watu. Maman Régine alikubali kwa kichwa. Sisi sote tulikubali. Ndivyo tulivyolelewa, na mezani pale hakuna aliyeona kosa.

Yaliyofuata tumeyapata kwa Anaïs, mwongozaji mkuu, aliyekuja mwenyewe Schaerbeek na kukaa nasi siku nzima. Mteja mmoja katika kambi ya juu alianza kupoteza hisia za vidole. Ulipanda kumtibu, ukavifunga vidole vyake, na leo anavyo vyote kumi. Uliporudi kwenye hema lako, theluji iliyokuwa imefunika ufa wa barafu ilikatika chini yako. Ulivunjika mguu, ukanasa mahali ambapo ufa unakuwa mwembamba. Waongozaji walikuteremshia kamba, koti na redio ya mkononi. Redio uliifikia. Kamba haikuweza kukung'oa. Kisha upepo uliwafukuza kwenye ukingo, na helikopta haikuweza kuruka.

Ulimwambia Anaïs, kwa sauti ileile ya wodini, kwamba unaijua kazi ya baridi mwilini na kwamba muda uliobaki si mrefu. Uliomba kitu kimoja: uongee na mke wako. Anaïs angeweka redio na simu ya setilaiti mdomo kwa sikio, nanyi mngesikizana. Aliipiga namba uliyompa, ya Tonton, kama ulivyosema mezani.

Tonton Bertin alimsikia vizuri. Anaïs alimwambia kwa Kifaransa kwamba uko hai, lakini hali yako ni mbaya sana, na kwamba mke wako atafutwe upesi. Tonton alijibu, "Merci, Madame. Tunaenda kwake sasa hivi." Akakata.

Précieuse alikuwa nyumbani. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa aproni. Alikuwa akikaanga ndizi.

Tonton alivaa koti jeusi. Alimpitia mchungaji, kisha akina maman wawili wa kwaya, kwa sababu habari ya namna ile haipelekwi na mtu mmoja. Wakapanda tramu. Mlangoni kwenu alizima simu yake, kama afanyavyo akiingia kanisani. Précieuse alipofungua na kuwaona wanne wale wamesimama kwa mpangilio, wanawake nyuma, vitambaa vimefungwa kiunoni, hakungoja maneno. Tonton aliyasema hata hivyo: "Mama, Bienfait ametuacha."

Ilikuwa kabla ya saa kumi na moja. Akina maman waliweka viti ukutani. Godoro la Précieuse lilishushwa sakafuni. Picha yako iliondolewa kwenye rafu na kuwekwa mezani. Mustafa alipanda na birika la chai. Wimbo wa kwanza ulianzishwa. Muda wote huo Anaïs alikuwa akiipiga tena namba iliyozimwa, na wewe ulikuwa ukijibu redio.

Tonton aliwasha simu jioni ili kuwapigia ndugu wa Goma. Iliita mkononi mwake kabla hajabonyeza kitu. Précieuse ndiye aliyeichukua.

"Madame," Anaïs alimwambia, "tunakutafuta tangu mchana."

Redio yako ilikuwa imekwisha kunyamaza.

Upepo ulipotulia, siku mbili baadaye, kingo za ufa zilikuwa zimeporomoka. Hukuonekana. Kwa hiyo hatukukuzika, na kwenye tangazo hili hatukuandika saa ya kifo chako. Hakuna anayeijua.

Kwa mwaka mzima Précieuse hakusema neno na Tonton Bertin. Tonton alipoingia kanisani upande huu, Précieuse alihamia ule. Tonton hakulalamika. Alikuwa akiacha suruali za shule za Aaron, zimepunguzwa na kupigwa pasi, kwenye kitasa cha mlango wenu, kisha akishuka bila kubisha hodi. Alikuwa akishuka kwa ngazi. Mustafa anasema alikuwa akipanda kwa ngazi pia, na goti lake bovu unalijua.

Wiki iliyopita tulikutana kwa Maman Régine, ghorofa ya nne, ambako Tonton alipanda kwa ngazi vilevile, kuandaa siku ya leo. Kuondoa matanga ni kazi ya mkubwa wa ukoo, na mkubwa aliyebaki ni Tonton. Précieuse alikuwa amekwisha kusema kwamba kwenye tangazo liandikwe ama jina la Tonton, ama lake. Dada yako Nathalie alikuwa na kalamu mkononi na hakujua aandike nini. Tonton alikaa karibu na mlango, bila kuvua koti.

"Musiniandike," alisema. "Andikeni bengine."

Précieuse alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Tonton, ule mwanamuke alikwambia iko hai. Alikwambia, ndiyo ao hapana?"

"Alinambia."

"Sasa mbona ulikuya kwangu na mchungaji?"

Tonton alivua kofia, akaipakata. "Mama, kwetu muntu akikupigia, anasema, 'Iko hai lakini hali ni mubaya, tafuteni bibi yake,' ni kusema nini?"

Alimtazama Précieuse usoni.

"Wakati papa yako alikufa Goma, tulikwambia nini?"

Précieuse alishika kona ya kitenge chake. "Mulinambia anaumwa. Mulinambia nipande ndege."

"Na alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa amekwisha kuzikwa."

"Na ulitukasirikia?"

"Hapana." Sauti yake ilipungua. "Niliwashukuru. Nilisema, angalau nilifika kwa batu ndipo nikajua."

"Bon," alisema Tonton. "Ile Mzungu alisema kweli, bila kuipunguza. Miye nilizani ananifichia. Nilizani ana adabu kama yetu." Akajifunika uso kwa kofia yake. "Nilikimbia, mama. Na goti hii. Nilitaka usisikie kwa simu."

Maman Régine alilia bila sauti. Ndiye aliyekubali kwa kichwa jioni ile ya sombe.

Précieuse alikaa akikunjakunja kona ya kitenge chake. Kisha alimwambia Nathalie: "Andika jina yake."

"Niiweke wapi? Mwisho?"

"Pembeni ya yangu."

Hakumkumbatia. Hatutaandika kwamba yamekwisha, kwa maana hayajaisha. Tonton alipoinuka kwenda zake, Précieuse alimwambia, "Tonton, ushuke na lifti," naye akashuka na lifti.

Leo, baada ya ibada, tutavua nguo nyeusi. Aaron atavaa shati aliloshonewa na Tonton. Viti vitaondolewa ukutani.

Wanaokukumbuka ni mkeo Précieuse, na pembeni yake Tonton Bertin, mwanao Aaron, mama yako Maman Régine, dada yako Nathalie, ndugu wote wa Goma na Bukavu, wenzako wa wodi, na jirani yako Mustafa, aliyeomba asiachwe. Bienfait, utabaki unatajwa mezani petu maadamu kuna mmoja wetu wa kukaa hapo.

Mwisho tunaandika yale Anaïs aliyotuambia akiwa ameshika mkono wa Précieuse. Saa kumi na moja na nusu, wakati nyimbo zilikuwa zikiimbwa sebuleni kwako, ulimwita kwa redio kwa mara ya tatu na kuuliza kama mke wako amepatikana. Alikujibu alichoamini, kwamba ami yako amekwenda kumchukua na wako njiani.

Ulisema, "Bon. Namungojea."