Kambale Dume Niliyempasua kwa Mikono Yangu

Mjini Baraka, Jumamosi. Mvua imekatika saa tatu asubuhi, ziwa limetulia, na nina furaha ambayo sikuitarajia.

Mniwie radhi, wasomaji wangu, kwa kutoandika hapa miezi mingi. Sikuwa mgonjwa, wala simu haikuharibika. Nilikuwa naona haya.

Nyuma ya nyumba nina bwawa la samaki, na ndani yake kambale dume mmoja tu, mnene kama paja langu. Wengi wanaozalisha kambale kwa mikono humwua dume, wakatoa korodani na kukamulia mbegu juu ya mayai ya jike. Sisi wa huku, ambao dume mzuri hatumpati kwa urahisi, humpasua tumbo, tukakata kipande cha korodani, tukamshona na kumrudisha majini. Nilimshona wangu kwa uzi wa kudarizia wa mke wangu, akapona, na vifaranga wakajaa. Nikajisifu. Nikaenda hadi Swima kuwafundisha wafugaji wenzangu.

Mara ya pili nilipompasua, mayai yote yaligeuka meupe. Yalikuwa yamekufa.

Mara ya tatu, vivyo hivyo.

Mke wangu hakunihurumia. Mbele ya wageni alisema, "Muzee, ule samaki iko anakula bule tu. Mulete ye mu sufuria." Nikakubali.

Kabla ya siku ya kumpika akaja Sifa, binti wa marehemu kaka yangu, anayesomea biolojia Bukavu. Nilimsimulia kama mtu anayeungama. Akauliza jambo moja: "Baba mudogo, kisu iligusa korodani zote mbili?"

Zote mbili, nikakiri.

Nilifundisha sayansi shule ya sekondari mpaka nilipostaafu. Nilichora ubaoni jinsi kinga ya mwili inavyotofautisha kilicho chake na kilicho kigeni. Sikuwahi kujiuliza inazionaje mbegu za kiume, ambazo huanza kutengenezwa mnyama akishakua, wakati askari wa mwili wamekwisha kuzijua sura za wenyeji. Kwao, mbegu hizo ni wageni. Kwa hiyo, katika samaki, hukua ndani ya vifuko vidogo, zikizungukwa na seli walezi zinazozificha. Kisu changu kilipasua vifuko hivyo. Sifa anadhani askari walizikuta mbegu changa, wakaanza kuzishambulia.

Anadhani, nasisitiza. Alisema huenda ni kovu tu, au uchafu wa sindano yangu. Nilimpenda zaidi kwa tahadhari hiyo.

"Mumuache apumuzike," alisema. "Mvua ikianza, mumuwekee mwanamuke, na hapana kisu."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe muganga wa samaki ndiye alikuwa bugonjwa!" Hata hivyo, aliahirisha sufuria hadi mvua.

Juzi mvua ilinyesha kwa nguvu, maji yakapanda hadi kwenye majani ya ukingo. Jioni nilimtia jike mwenye mayai. Jana asubuhi majani yalikuwa yamejaa mayai, nami nikaketi kuyatazama. Mengi yaligeuka meupe. Sikula chochote.

Leo yale yaliyobaki yamepasuka. Vifaranga wembamba kama kope wanatikisika kwenye majani. Si wengi kama wa mwanzo, lakini wako hai, na ni wa dume wangu.

Nilipiga magoti kwenye tope nikicheka peke yangu. Mke wangu alikuja, akainama, akatazama. "Basi, hatutamupika," akasema. "Lakini we, nikikuona tena na kisu, nitakushona mikono."

Jumanne nitakwenda Swima kuwaambia niliowafundisha kwamba niliwafundisha nusu ya jambo. Najua watakalojibu: bila kisu, vifaranga ni wachache. Ni kweli, na sina jibu zuri. Nitawaeleza nilichokiona na nisichokijua, kisha waamue wenyewe kama kisu kiwekwe chini.

Wakishaamua, hata wakinikatalia, nitaandika hapa. Safari hii sitaona haya.