Saa ya Ukutani ya Fordsburg

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea.

Leo nimefungua duka lako hapa Fordsburg, Johannesburg, kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Cherehani imeshika vumbi. Kanzu ya mteja bado ina pini zako begani. Saa ya ukutani inatembea, na bado iko mbele kwa saa nzima, majira ya Tanga kama ulivyoiweka. Wateja walikuwa wakiitazama wanaruka: "Eish, Baba Mwanaidi, nimechelewa kazini!" Nawe unacheka tu: "Tulia, hiyo ni saa ya mke wangu."

Unakumbuka nilivyokuchosha na fizikia yangu? Nilikwambia vitu vingi husukumana na jirani zake tu. Ukivikata nusu, ukapiga hesabu ya kila upande, ukajumlisha, jibu linapatikana. Lakini kundi la nyota haliko hivyo. Humo kila nyota inazivuta zote, hata za mbali kabisa, kwa hiyo huwezi kulikata ukalihesabu vipande vipande. Na likitikiswa, huchukua muda mrefu mno kutulia. Ukaniangalia juu ya miwani: "Huo ni umbea wa nyota, mwanangu." Tangu siku hiyo kila mteja akaambiwa binti yako anasomea umbea.

Sasa mimi ndiye nisiyetulia. Watu wananiambia nijikaze. Nijikaze vipi, Baba?

Na aliyenikata maini ni Mama. Tulikuzika siku ileile, kama ilivyo desturi yetu, naye yuko Tanga, hata uso wako hakuuona. Amekaa eda ndani, halii, hali chakula. Juzi akaniuliza kwenye simu: "Miaka yote hiyo huko, baba yako alikuwa ananikumbuka kweli, au simu zake zilikuwa mazoea tu?" Nikijibu ndiyo, atasema namfariji.

Basi leo nimeipiga picha saa yako, nikamtumia, nikamweleza. Halafu akapiga simu ya video, akainuka, akaielekeza kwenye ukuta wa sebuleni. Saa yake iko nyuma kwa saa nzima. Majira ya Johannesburg, Baba! Nikienda likizo nilikuwa naisogeza mbele, nikidhani betri imechoka, naye anairudisha bila kusema neno. Hapo ndipo Mama alipolia. Tumelia wote wawili mpaka simu ikazimika.

Nilidhani ni wewe peke yako uliyekuwa unavutwa. Na mimi ndiye msomi wa mambo hayo!

Mama akitoka eda nitakwenda Tanga na saa yako. Nitaitundika kando ya yake, na wallahi sitagusa mshale hata mmoja.

Pumzika, Baba yangu. Mungu akupe kauli thabiti.

Mwanao wa umbea,
Mwanaidi