Jina Kwenye Sanduku la Barua

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka uhamiaji. Viza inaisha tarehe 14. Miaka yote barua ya kazini ilitosha — sasa haitoshi! Karani wa dirisha la pili kasema lazima nithibitishe ninapoishi. Watatuma kadi kwa posta. Nikiwapelekea, naongezewa miaka miwili. Nisipoipata, nifunge virago. Na tarishi haachi kitu kama jina halipo kwenye sanduku.

Miaka minne sasa nalala nyumba hii ya shangazi, na jina langu halipo popote. Umeme wa shangazi. Maji ya shangazi. Hata mto ninaolalia wa shangazi! Nimeandika jina kwenye karatasi, nikalibandika chini ya lake.

Jumanne, 4 Machi
Karatasi haipo. Labda gundi.

Jumatano, 5 Machi
Nimebandika nyingine asubuhi. Jioni haipo! Nikajua ni Bwana Miluzi wa ghorofa ya chini, ambaye hatusalimiani tangu alalamikie kelele za cherehani yangu. Nikamwendea, nikammwagia yote yaliyokuwa moyoni. Kanitazama tu. Eti hata jina langu halijui, atalibanduaje? Nimeona haya mpaka masikioni. Shangazi nilimsimulia akiwa anamenya viazi. Kasema niache kugombana na watu, subira yavuta heri.

Alhamisi, 6 Machi
Huyo mbanduaji, dawa yake iko jikoni. Kazini, saa ya mapumziko, nimedarizi jina langu kwenye kipande cha turubai. Herufi kubwa, uzi mwekundu. Nimekipigilia misumari minne. Abandue sasa tuone!

Jumamosi, 8 Machi
Siamini. Hata sasa ninapoandika, siamini.

Turubai ipo. Misumari yote minne ipo. Jina ndilo halipo! Halikukatwa wala kuchanwa. Limefumuliwa, mshono mmoja mmoja, kitambaa hakina hata mkwaruzo. Yamebaki matundu ya sindano tu.

Anayefumua hivi namjua. "Kitambaa hakina kosa, mwanangu, kosa ni la uzi." Nilikuwa na miaka tisa, mama amefariki mwezi uleule, na shangazi kanikalisha kwenye cherehani yake. Hawezi kuchana kitambaa hata cha kudekia.

Uzi mwekundu nimeukuta kwenye kopo lake la vifungo. Kauzungusha vizuri kwenye kijiti.

Jumapili, 9 Machi
Nimemuuliza. Hakukana. Mkataba wa nyumba ni wa mtu mmoja, kasema, na mwenye nyumba hukagua masanduku. Mama wa ghorofa ya juu aliongeza jina la mkwewe, wiki hiyohiyo makochi yake yalikuwa barabarani. Shangazi ana miaka sitini na mitatu, atapangishwa na nani?

Na mimi je, shangazi? Kalia. Nami nikalia. Lakini kunisikiliza nikimsimulia nilivyomtukana Bwana Miluzi, huku anamenya viazi! Kikulacho ki nguoni mwako. Leo tumekula kila mtu na pembe yake.

Jumanne, 11 Machi
Uhamiaji tena. Kadi imerudishwa. Juu yake tarishi kaandika: hajulikani hapa. Nimesoma mara tatu. Hajulikani! Karani kasema basi watamtuma ofisa nyumbani, kabla ya tarehe 14, bila taarifa. Shangazi nimemwambia.

Alhamisi, 13 Machi
Naandika chooni, daftari gotini. Ofisa yuko sebuleni! Na mwenye nyumba yuko naye — wamekutana ngazini, kamfuata ndani. Nilipowaona wote wawili nikakimbilia huku kama mwizi.

Nasikia kila kitu. Ofisa anauliza humu wanaishi wangapi. Shangazi anamkaribisha chai. Ofisa anauliza tena. Mwenye nyumba anakohoa. Mbele yangu miswaki miwili kwenye gilasi, mwekundu ni wangu. Nimeutia mfukoni. Nimeutoa. Nimeutia tena.

Sasa kandambili za shangazi zinakuja huku. Anagonga polepole.

"Toka, mwanangu. Wameniuliza, ulimi umekwama. Njoo useme mwenyewe unalala wapi. Lolote utakalosema, mimi nitaitikia hilohilo."