Mugomba wa Mama

Siku ya pili, Jumanne, 5 novembre 2024

Mvua. Baridi ya Kipese inaingia mpaka mu mifupa. Niko na miezi munane hapa kwa Mama Florentine na bwana yake, Baba Malachie. Famille d'accueil, jamaa ya kupokea bakimbizi, ndivyo balinieleza. Banalima biazi. Bananipa chakula, kitanda, soksi. Habanipige. Mais hakuna mutu anaita jina yangu, Kavugho, bila kunituma kitu.

Leo magharibi Mama Florentine aliingia mbio. Anasema kuna mutu anagonga mu stock, kachumba ka kuwekea biazi. Amefungua — hakuna mutu! Mara ya ine sasa. Muzimu, anasema.

Si muzimu. Ni miye. Ninatokaka nyuma, kwa ubao wenye kulegea.

Siku ya tatu, 6 novembre

Niandike, juu kuambia mutu siwezi. Kule kwetu Kamango, mama akitoka shamba alikuwa anagonga mulango tatu. Anangoja. Kisha moja tena. Ile moja ilikuwa yangu, nilikuwa nacheka mbele ya kufungua.

Siku benye bunduki balivamia kwetu, tulikimbia. Mukono wake ukaniponyoka. Tangu ile siku hakuna mutu alimuona, wala muzima wala maiti.

Basi nagonga mwenyewe. Tatu, nangoja, moja. Kidogo tu, ni kama amefika. Ujinga! Najua.

Siku ya posho, Jumamosi, 9 novembre

Malheur, bahati mbaya. Balimwita katekista Éliakim. Alinyunyiza maji ya baraka kila kona, ata juu ya biazi. Kisha akauliza: mu hii nyumba, mutu gani wenu hakuzikwa?

Bote bakaniangalia.

Donc banaamua. Batazika mugomba wa ndizi pa nafasi ya mama, vile bankambo, babu zetu, balifanyaka kwa mutu asiyeonekana. Akishazikwa atatulia, banasema. Mais akizikwa, amekufa! Nani atamungojea tena?

Baba Malachie aliniuliza mama alikuwa na urefu gani. Nikanyoosha mukono juu, nikasimama kwa vidole. Uongo. Huku kwa baridi ndizi haziote, atashuka bondeni kutafuta. Mugomba murefu hivyo atauona wapi?

Siku ya kwanza, Jumatatu, 11 novembre

Nikisema ni miye, bataniita mulozi, muchawi. Batoto balishafukuzwa juu ya bintu bidogo kuliko hii. Na nitaenda wapi? Tantine Yolande wa Bungulu, kule Beni, alishasema nyumba yake imejaa.

Nimeacha kugonga. Kimya inauma.

Siku ya ine, 14 novembre

Baba Malachie amerudi. Siku mbili kwa miguu, anasukuma baiskeli, mugomba umefungwa juu yake. Muguu wake wa kuume umevimba. Na mugomba — murefu kabisa vile nilionyesha! Aliutafuta mpaka akaupata. Akausimamisha kwa ukuta polepole, kama mutu mugonjwa.

Nililia mu choo. Haya, hasira, sijue.

Siku ya tano, 15 novembre

Nimesema.

Mama Florentine alikuwa anamenya biazi. Mama, muzimu ni miye. Kisu hakikusimama. Anasema anajua, tangu Jumapili, siku ya Mungu: aliona uzi wa soksi yangu umenaswa kwa ule ubao.

Nikamuuliza, sasa munazika sababu ya nini?

Anasema kila siku naacha nusu ya bugali pembeni ya sahani, namuwekea mutu. Nimebaki mifupa. Anasema hazike sababu ya muzimu, mwanangu, anazika sababu yangu. Kesho saa nane nilete kitenge cha mama, kile nilikimbia nacho, bafunike mugomba.

Nilisema hapana. Aliendelea kumenya.

Mwanangu! Miezi munane, na analisema leo.

Siku ya posho, 16 novembre

Saa nane na nusu. Shimo iko tayari. Miye niko ndani peke yangu, kitenge kwa magoti. Kingali na harufu ya moshi ya kwetu.

Bananiita. Kwa dirisha nabaona bote kule kwa shimo: Mama Florentine, Baba Malachie na muguu wake, Éliakim na kitabu, majirani batatu. Hapa nyumbani hakuna mutu mwingine.

Leo asubuhi nilikula sahani yote. Sawa, nitakipeleka. Naenda sasa —

Kuna mutu anagonga mulango wa nyuma.

Tatu.

Si miye! Mukono moja uko na bic ya kuandikia, mukono moja uko na kitenge.

Sasa kimya. Kule inje bananiita tena. Sijibu.

Ninangoja ile moja.