Mama Alikataa Mtumbwi

Rumonge, Alhamisi, baada ya magharibi

Miguu inaniwaka moto, lakini nacheka peke yangu.

Tangu Usumbura, siku tatu, mama amekataa kupanda mtumbwi, eti njia ya kwao ataitembea kwa miguu. Baba, mke wangu na watoto walipita ziwani na mizigo, mimi nikatembea naye ufukweni. Nilikasirika. Homa ilikuwa imemwacha siku chache tu kabla ya safari, na niliogopa atanifia njiani kabla hajamwona mdogo wake anayeishi hapa Rumonge.

Yeye wala! Tulipofika Kabezi alisimama kutazama milima ya Kongo ng'ambo. Kijijini Kizuka, kwenye michikichi, wanawake waliokuwa wakikamua mawese walituamkia kwa Kirundi, "Amahoro!" wakampa kiazi cha moto na mawese mapya. Akala akalamba vidole.

"Wewe endelea kununa," akaniambia. "Mimi nakwenda kwetu."

Leo upepo uliwachelewesha wenzetu, tukatangulia kufika. Mama mdogo alitoka jikoni, mikono imejaa unga, akamwona dada yake, akapiga kelele. Miaka kumi na miwili hawajaonana! Wakakumbatiana mpaka wakaanguka, unga hadi kwenye kanga.

Sasa wamelala mkeka mmoja, wanataniana kama wasichana. Sikujua mama anaweza kucheka hivyo.